Tumpigie Nani? Mpiga Kura wa Afrika Mashariki na Uchaguzi Mkuu wa Uingereza



Kila uchaguzi mkuu wa Uingereza unapokaribia, swali moja huzunguka kwenye vikao vyetu vya harusi, kwenye matanga, kwenye makundi ya WhatsApp, na nje ya msikiti na kanisa baada ya ibada: "Sasa sisi tumpigie nani?" Wapo wanaojibu haraka, kwa kuwa waliwakuta wakubwa wao wakikipigia chama fulani. Wapo wanaotaja jina la kiongozi waliyemwona kwenye televisheni. Na wapo wengi, wengi mno, wanaosema kwamba mambo ya hapa hayatuhusu, sisi tumekuja kutafuta maisha.

Nimekuja kulijibu swali hilo bila kuwatajia chama. Anayekuja kwenu na jina la chama mdomoni amekuja kuomba kura, na mimi sigombei kitu. Ninachotaka kukitetea mbele yenu ni njia ya kufikia jibu. Nasema hivi: chama hakichaguliwi kwa mazoea, wala kwa shukrani, wala kwa sura ya kiongozi wake. Huchaguliwa kwa maswali matatu, tena yakiulizwa kwa mpangilio. Kwanza, jambo ninalolitaka liko mikononi mwa nani? Pili, wanaoniahidi jambo hilo waliwahi kulitendea nini walipopata nafasi? Tatu, katika jimbo langu, mpambano wa kweli ni kati ya nani na nani? Mtu akiyajibu hayo matatu kwa uaminifu, chama chake atakiona mwenyewe, na hatahitaji kuambiwa na mtu.

Haki tuliyo nayo

Tuanze na haki yenyewe, kwa sababu wengi wetu wanaikalia bila kujua. Sheria ya Uingereza inawapa kura ya uchaguzi mkuu raia wa Uingereza, raia wa Ireland, na raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kwa kibali halali. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zimo katika Jumuiya hiyo. Kwa hiyo muuguzi mwenye pasi ya Tanzania na viza ya kazi anaruhusiwa kupiga kura. Mwanafunzi wa Kenya anayesoma Leeds anaruhusiwa. Hawahitaji uraia, wala kibali cha kudumu; yatosha wawe wametimiza miaka 18 siku ya kura na majina yao yawe kwenye daftari la wapiga kura.

Tuipime haki hii kwa kuwatazama walioikosa. Mfaransa aliyeishi London miaka 30 na asichukue uraia hapigi kura ya uchaguzi mkuu. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi hawapigi mpaka wawe raia wa Uingereza. Vivyo hivyo jamaa zetu wenye pasi ya Oman, ambao Kiswahili chao ni kilekile cha Unguja na Pemba. Tumewekwa mahali ambapo majirani zetu wengi wangetamani kuwapo, na wengi wetu tunapita tu.

Jina haliingii lenyewe kwenye daftari. Lazima ujiandikishe, na mlango hufungwa siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Mwaka 2024 kura ilipigwa Alhamisi tarehe 4 Julai, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa 18 Juni. Aliyekumbuka tarehe 19 alikuwa amechelewa. Uchaguzi huo ulikuwa pia uchaguzi mkuu wa kwanza ambapo mpiga kura wa England, Scotland na Wales alitakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Pasi ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata iliyokwisha muda, ilimradi picha bado inafanana na uso wako. Asiye na kitambulisho chochote kinachokubaliwa anaweza kuomba cheti maalumu, na cheti hicho hakilipiwi. Vituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Anayefanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa, kwa zamu ndefu aombe mapema kupiga kura kwa posta, au amteue mtu wa kumpigia.

Na hili niliseme waziwazi: kama huna kibali halali cha kuishi hapa, usijiandikishe. Kutoa taarifa za uongo kwenye fomu ni kosa la jinai, na hakuna kura yenye thamani ya kukuharibia kesi yako.

Karatasi moja

Sisi tumekua na uchaguzi wa namna nyingine. Mkenya hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Mtanzania wa Bara hupewa tatu: ya rais, mbunge na diwani. Aliyezoea hivyo huingia kwenye kituo cha Uingereza akitafuta mahali pa kumchagua Waziri Mkuu, na mahali hapo hapapo.

Unapewa karatasi moja na penseli. Majina ya wagombea yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo. Hakuna picha za nyuso kama tulivyozoea nyumbani. Pembeni ya jina pameandikwa chama, na nembo ndogo ya chama. Unaweka alama ya X kwenye kisanduku kimoja, unaikunja karatasi, unaitumbukiza sandukuni, umemaliza. Jina la yule anayetaka kuwa Waziri Mkuu utaliona tu kama unaishi katika jimbo lake.

Hata jina la chama halikuwapo zamani. Ni sheria ya mwaka 1969 iliyoruhusu liandikwe, na wapiga kura wakaliona kwa mara ya kwanza katika uchaguzi mkuu wa 1970. Kabla ya hapo ulilazimika kumjua mgombea wako kwa jina. Kisheria, mpaka leo, unamchagua mtu wa kuketi katika kiti kimoja kati ya viti 650 vya Bunge, na chama ni maelezo ya mtu huyo.

Matokeo yake ni makubwa. Kenya na Tanzania, mbunge akikihama chama kilichompeleka bungeni, katiba inamvua ubunge. Uingereza anahama na kiti chake. Miezi michache kabla ya uchaguzi wa 2024, wabunge Dan Poulter na Natalie Elphicke walitoka chama cha Conservative wakaingia Labour, na hakuna uchaguzi mdogo ulioitishwa. Tanzania mgombea ni lazima adhaminiwe na chama. Hapa mtu anaweza kusimama peke yake akashinda, kama Jeremy Corbyn alivyoshinda Islington North mwaka 2024 baada ya miaka mingi ya kuwa mbunge wa Labour.

Na Waziri Mkuu? Bunge lililochaguliwa Desemba 2019 lilipitisha mawaziri wakuu watatu: Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak. Wapiga kura wa nchi waliitwa vituoni mara moja tu. Truss alipatikana kwa kura za wanachama wa Conservative, Sunak alipatikana kupitia wabunge wa chama hicho. Mtu aliyepiga kura 2019 kwa sababu ya sura ya Johnson alijikuta anatawaliwa na watu wawili ambao hakuwafikiria. Kwa hiyo anayesema "nampenda fulani, nitakipigia chama chake" ameweka imani yake mahali dhaifu.

Hakuna chama kilichotulea

Nije kwenye jibu lililoenea kuliko yote kwetu, kwamba kuna chama rafiki wa wahamiaji na kuna chama adui, na kwa hiyo swali limekwisha. Historia yetu wenyewe, historia ya watu waliotoka Afrika Mashariki kuja hapa, inakataa.

Baada ya uhuru wa Kenya, maelfu ya Wahindi wa huko walibaki na pasi za Uingereza. Sera za Kenya za kuwapa raia wake kipaumbele katika kazi na biashara ziliwabana, wakaanza kuja. Februari 1968 serikali ya Labour, James Callaghan akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ilipeleka bungeni mswada wa kuwazuia, na katika siku chache ukawa sheria. Watu wenye pasi ya Uingereza mkononi walizuiwa kuingia Uingereza isipokuwa wawe na uhusiano wa damu na nchi hii, yaani wao, mzazi au babu awe amezaliwa au kupewa uraia hapa. Kila mtu alielewa ni ngozi gani ingepita na ngozi gani ingebaki nje.

Miaka minne baadaye, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Safari hii serikali ilikuwa ya Conservative chini ya Edward Heath, na ndiyo iliyowapokea zaidi ya watu 27,000. Upinzani haukukosekana: Halmashauri ya Jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda kuwasihi wasije Leicester. Walikuja, na leo jiji hilo haliwezi kuelezwa bila wao.

Je, tuseme basi Conservative ndio marafiki? Serikali ya Heath hiyohiyo ndiyo iliyopitisha Sheria ya Uhamiaji ya 1971, iliyobana zaidi njia ya raia wa Jumuiya ya Madola. Na Labour walioufunga mlango 1968 ndio waliopitisha sheria za kukataza ubaguzi wa rangi za 1965, 1968 na 1976. Chama kilekile, mwaka uleule wa 1968, kilimzuia Mhindi wa Kenya uwanja wa ndege na kikamkataza mwenye nyumba wa Birmingham kumbagua aliyekwisha kuingia.

Nayasema haya ili tuache kupiga kura za shukrani. Shukrani ni jambo jema kati ya mtu na mtu. Chama ni jambo jingine: watu wake hubadilika, hofu zake hubadilika, na kinachodumu ni hesabu zake za kushinda. Chama kinachojua kwamba kura zenu ni zake siku zote hakina sababu ya kuwasikiliza, na kile kinachojua hakitazipata kamwe hakina sababu pia. Mnakuwa watu wa kuhesabiwa tu.

Swali la kwanza: liko mikononi mwa nani?

Kaa chini uandike mambo mawili au matatu yanayokuumiza kweli. Halafu uliza kila moja linaamuliwa wapi.

Anayeishi Glasgow na kulalamikia foleni ya hospitali ajue kwamba afya na elimu huko ziko chini ya Bunge la Scotland. Wales nayo ina bunge lake kwa mambo hayo, na Ireland ya Kaskazini ina lake. Ukiwa England, hospitali yako iko chini ya serikali inayotokana na uchaguzi mkuu. Orodha ya kusubiri nyumba na uzoaji taka ni mambo ya halmashauri, ambayo ina uchaguzi wake, na sisi tunaruhusiwa kupiga kura huko pia. Lakini viza, ada za uhamiaji na mipaka yote ya nchi huamuliwa Westminster, kwenye Bunge la Uingereza, uwe unaishi Aberdeen au Cardiff.

Nitue hapo kwenye viza, maana ndilo jambo letu. Serikali ya Conservative mwaka 2024 ilipandisha ada ya afya inayolipwa na mwombaji viza kutoka pauni 624 hadi 1,035 kwa mwaka. Machi ikawazuia wafanyakazi wapya wa kea kuja na wake, waume na watoto wao. Aprili ikapandisha mshahara wa chini kwa viza ya kazi ya ujuzi kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, na kipato cha anayetaka kumleta mwenzi wake kutoka 18,600 hadi 29,000. Serikali hiyo ndiyo iliyotia saini makubaliano na Kigali mwaka 2022 wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, mpango ambao Mahakama ya Juu iliukuta haramu Novemba 2023.

Labour waliingia Julai 2024 wakaufuta mpango wa Rwanda. Lakini Mei 2025 serikali hiyohiyo ya Labour ilichapisha waraka uliopendekeza muda wa kawaida wa kupata kibali cha kudumu uongezwe kutoka miaka 5 hadi 10, na Julai mwaka huo ikafunga njia ya kuajiri wafanyakazi wapya wa kea kutoka ng'ambo. Septemba 2025 Reform UK wakatangaza kwamba wakishika serikali watakifuta kabisa kibali cha kudumu. Kwa upande mwingine, Liberal Democrats katika ilani yao ya 2024 waliahidi kuurudisha nyuma ule upandishaji wa kipato cha viza za familia.

Mnaona namna majina ya vyama yasivyotosha? Mtu anayengoja mkewe aliyeko Morogoro na mtu anayengoja kibali cha kudumu wanaweza kufikia majibu tofauti, na wote wawili wakawa sahihi. Na mwenye uraia tayari, mwenye nyumba na biashara, shida yake pengine ni kodi. Hana haja ya kuona haya. Kura ni yake.

Swali la pili: walitenda nini?

Kila chama hutoa ilani ya uchaguzi. Ahadi ni deni, tunasema, lakini ilani haina mahakama ya kulidai deni hilo. Kwa hiyo isome kama unavyosoma mkataba wa nyumba ya kupanga: jicho liende kwenye maneno madogo, na uulize kila neno limeacha nini nje.

Chukua ilani ya Labour ya 2024. Iliahidi kutowaongezea kodi "watu wanaofanya kazi", na mchango wa bima ya taifa ulitajwa kwa jina. Oktoba mwaka huo bajeti ikapandisha mchango wa bima ya taifa anaolipa mwajiri kutoka asilimia 13.8 hadi 15, kuanzia Aprili 2025, na kushusha kiwango cha mshahara ambapo unaanza kulipwa kutoka pauni 9,100 hadi 5,000 kwa mwaka. Serikali ikasema ahadi ilihusu sehemu anayokatwa mfanyakazi tu. Wapinzani wakasema ahadi imevunjwa. Mwenye nyumba ya kulelea wazee na wafanyakazi 30 alilipa, na mfanyakazi wake aliyeomba nyongeza ya mshahara akaambiwa asubiri. Neno "wanaofanya kazi" lilibeba mzigo wote huo, na aliyelisoma polepole kabla ya kura alikuwa na swali la kumuuliza mgombea aliyegonga mlango wake.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kabla ya uchaguzi wa 2010 wagombea wa Liberal Democrats walitia saini, mmojammoja, ahadi kwa wanafunzi kwamba watapinga ongezeko lolote la ada ya vyuo vikuu. Uchaguzi haukumpa yeyote wingi wa kutosha, wakaingia serikali ya mseto na Conservative, na Desemba 2010 kikomo cha ada kikapandishwa hadi pauni 9,000 kwa mwaka, karibu mara tatu ya kilivyokuwa. Uchaguzi uliofuata, wa 2015, chama hicho kilianguka kutoka viti 57 hadi 8.

Watu wengi huishia hapo wakisema chama kile ni cha waongo. Tazameni ndani yake. Siku ya kura ile bungeni, wabunge 21 wa chama hicho walipiga kura ya kupinga, kama walivyoahidi, wakiukaidi uongozi wao. Majina yao yameandikwa. Kila kura ya mbunge huandikwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bila kulipa hata peni. Kabla ya kuuliza chama kinasema nini, fungua uone mbunge wako alipiga kura gani juu ya viza, juu ya vita, juu ya posho za watoto. Kama mgombea ni mpya, muulize uso kwa uso: chama chako kikileta bungeni jambo linalotuumiza, utafanya nini? Anayekwepa swali hilo mlangoni kwako atalikwepa bungeni pia.

Yako pia mambo ambayo ilani haikuyasema. Wiki chache baada ya kushinda, serikali ya Labour iliwaondolea wazee wengi posho ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, jambo ambalo halikuwa kwenye ilani yake. Wananchi walikasirika, na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma kwa sehemu kubwa. Tujifunze mawili: chama kitawale au kisitawale kitakutana na mambo ambayo hakikuyaahidi, kwa hiyo angalia tabia yake na watu wake kuliko orodha yake; na hasira ya wapiga kura hufanya kazi hata baada ya uchaguzi.

Swali la tatu: hesabu ya jimbo

Katika kila jimbo mwenye kura nyingi kuliko mwingine yeyote ndiye mshindi, hata akipata theluthi moja tu. Hakuna duru ya pili, hakuna asilimia 50 na kura moja kama anavyotakiwa rais wa Kenya. Mwaka 2011 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wabadilishe mfumo huo, na zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura walikataa.

Ona ulivyofanya kazi 2024. Labour walipata asilimia 33.7 ya kura zote na viti 411 kati ya 650. Reform UK walipata asilimia 14.3 na viti 5. Liberal Democrats walipata asilimia 12.2, pungufu ya Reform, na viti 72. Tofauti ni mahali kura zilipokaa. Kura za Reform zilitapakaa nchi nzima. Liberal Democrats walikusanya zao katika majimbo waliyojua wanaweza kushinda, na wapiga kura wa vyama vingine waliotaka kumwondoa mbunge wa Conservative wakawaunga mkono huko.

Kwa hiyo tafuta matokeo ya jimbo lako ya uchaguzi uliopita. Kama wa kwanza na wa pili wamekaribiana, kura yako ya kweli ni kati ya hao wawili, na kumpa wa nne ni kuwaachia wengine waamue. Hendon, kaskazini ya London, mwaka 2024 mgombea wa Labour alishinda kwa kura 15. Poole, kura 18. Familia mbili za Kiswahili zenye vijana wakubwa zingetosha kugeuza Hendon.

Kisa cha Winchester mwaka 1997 kinastahili kukumbukwa. Mark Oaten wa Liberal Democrats alimshinda mgombea wa Conservative kwa kura 2. Katika karatasi ileile alikuwepo mgombea mwingine aliyejiandika kwa maelezo yanayofanana mno na jina la chama cha Oaten, na watu 640 walimpa kura. Wangapi kati yao walikosea kisanduku? Kesi ilikwenda mahakamani kwa sababu nyingine, kura zilizokataliwa kwa kukosa mhuri wa kituo, na matokeo yakafutwa. Novemba mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa, na Oaten akashinda kwa kura 21,556. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya kuandikisha vyama ili majina ya kudanganya yasirudi. Mwenye kura asome karatasi yake mstari kwa mstari, na asiseme kamwe kwamba kura moja haina uzito.

Najua wapo wanaochukia hesabu hizi. Wanasema kumpigia mtu usiyempenda ili kumzuia usiyemtaka kabisa ni kuiuza dhamiri. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Dhamiri hupimwa pia kwa matokeo yanayomfika jirani. Ukijua kwamba mmoja wa wawili atashinda, na mmoja wao atawaumiza watu zaidi, kukaa pembeni ukiwa msafi ni uamuzi, na walioumizwa watauhisi.

Pale tu jimbo ni ngome ya chama kimoja, mshindi akiwa anajulikana tangu miaka mingi, ndipo nasema piga kwa moyo wako wote. Kura hiyo haipotei. Mgombea anayevuka asilimia 5 ya kura anarudishiwa dhamana yake ya pauni 500, na chama chake kinapata nguvu ya kusimama tena. UKIP, chama kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, mwaka 2015 walipata karibu kura milioni 4 na kiti kimoja tu, lakini nguvu yao iliyokuwa ikikua tangu miaka ya nyuma ndiyo iliyosaidia kumsukuma Waziri Mkuu David Cameron kuahidi kura ya maoni ya Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 nchi ikapiga kura ya kutoka, na Januari 2020 ikatoka. Mimi sikupenda walichokitaka, lakini somo la namna walivyokipata ni la kila mtu.

Kura ya siri, na kura ya wasio nayo

Mambo mawili kabla sijamaliza. La kwanza ni siri. Kabla ya 1872 mpiga kura wa Uingereza alitangaza chaguo lake hadharani, huku mwenye shamba au mwajiri akimsikiliza. Uchaguzi mdogo wa Pontefract, Agosti 1872, ulikuwa wa kwanza kwa kura ya siri, na sanduku lake lilipigwa lakiri kwa mhuri wa kiwanda cha peremende cha mji huo. Siri hiyo ilipiganiwa ili mnyonge asilazimishwe. Basi tusiivunje ndani ya nyumba zetu. Karatasi ya kura ya posta ijazwe na mwenye jina. Mume asimjazie mke, mzazi asimjazie mtoto, na kiongozi wa jumuiya asikusanye karatasi za watu. Anayemjazia mwingine karatasi yake anatenda kosa, na zaidi ya kosa, anamnyang'anya ndugu yake kitu alichopewa na sheria.

La pili ni wasio na kura. Kati yetu wapo Wakongo waliokimbia Goma na Bukavu, wapo waomba hifadhi wanaosubiri barua, wapo watoto waliozaliwa hapa ambao hatima yao inategemea viza ya mama. Hao hawaingii kituoni. Kila unapojibu yale maswali matatu, waweke kwenye hesabu, kwa sababu mbunge mtakayemchagua nyinyi ndiye mbunge wao pia. Wabunge huwa na siku za kuwasikiliza watu jimboni, mara nyingi Ijumaa, na mkazi wa jimbo akija na shida ya wizara hapaswi kuulizwa kama alipiga kura. Nendeni nao. Mpelekeeni mbunge faili la kesi ya jirani yenu, mwezi wa kwanza baada ya uchaguzi, ajue watu waliompa au kumnyima kura wanamfuatilia.

Uchaguzi ujao hauwezi kupita katikati ya Agosti 2029, na unaweza kuitishwa mapema zaidi, kwa kuwa Waziri Mkuu ndiye anayechagua wakati. Nawaomba mfanye matatu kuanzia wiki hii. Jiandikisheni, na muulize kila aliye nyumbani kwenu mwenye haki kama amejiandikisha. Tafuteni matokeo ya jimbo lenu ya 2024, myaandike mahali mtakapoyaona. Na mfungue kumbukumbu za mbunge wenu, msome alivyopiga kura juu ya jambo moja tu linalowahusu, halafu mumwandikie kumwambia kwamba mmesoma. Jamii inayojulikana kuwa inahesabu, inakumbuka na inaweza kuhama haihitaji kuomba urafiki wa chama chochote. Vyama vitaitafuta vyenyewe, na vitakuja na majibu.